Nani kasema mtoto haoni mpaka arobaini?

"Huyu bado hajaanza kuona, si hajatoka arobaini?"

Maneno hayo nayasikia kliniki mpaka yamenichosha. Anayeyasema mara nyingi si mama mzazi, ni bibi au shangazi aliyemsindikiza, tena anayasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha kazi nesi ambaye hajawahi kulea. Mimi ni muuguzi wa macho hapa Tanga. Wanaoletwa kwangu wanatoka Ngamiani, Makorora, Pongwe, wengine Muheza na Pangani, na dhana ni ile ile: mtoto mchanga ana macho lakini hayafanyi kazi, yatafunguka akitolewa nje.

Si kweli. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni anaona tangu siku anayozaliwa. Anaona vibaya, hilo silikatai. Uoni wake ni hafifu kuliko wako mara ishirini au zaidi, rangi hazimkolei, na mtu aliyesimama mlangoni, kwa mtoto ni kivuli tu. Lakini kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 anakipata vya kutosha. Mama mpakate mwanao umnyonyeshe, halafu kadiria umbali kutoka macho yake mpaka uso wako. Ni huo huo.

Haya hayakuanza jana. Mwaka 1963 Robert Fantz, wa Marekani, alichapisha matokeo ya watoto ambao hawajafikisha hata siku tano: walipoonyeshwa picha ya uso na vibao vya rangi tupu, walikaa zaidi kwenye uso. Mwaka 1975 Carolyn Goren na wenzake waliwapima watoto dakika chache tu baada ya kuzaliwa. Mchoro uliopangwa kama uso waliufuata kwa macho na kichwa kuliko mchoro wenye macho na mdomo vilivyochanganywa ovyo. Kisha mwaka 2002 Teresa Farroni na wenzake wakauliza swali ninalolipenda zaidi: je, mtoto wa siku 2 hadi 5 anajua kama anatazamwa? Wakamwekea picha mbili za mwanamke yule yule, moja macho yanamtazama mtoto, nyingine yametupwa pembeni. Watoto walirudi mara nyingi na kukaa muda mrefu zaidi kwenye ile inayowatazama.

Siku ya tatu, bibi. Kitovu hakijadondoka, na mjukuu wako anatofautisha anayemtazama na asiyemtazama.

Macho ya binadamu yenyewe yamekaa kumrahisishia kazi hiyo. Weupe wetu uko wazi pande zote mbili za mboni. Watafiti wa Kijapani, Kobayashi na Kohshima, walilinganisha macho ya jamii nyingi za nyani na sokwe mwaka 1997 wakaona sisi ndio tuna weupe unaoonekana kwa wingi hivyo. Uoni hafifu wa kichanga unashika vitu vyenye giza na mwanga vilivyopakana, na jicho linalomtazama ni hivyo hasa: doa jeusi katikati ya cheupe. Ndiyo maana pia anakodolea pangaboi darini au ukingo wa dirisha. Mnaniambia anaona malaika. Mimi naona dirisha.

Sasa imani hii imetoka wapi? Haikutoka hewani, na wazee wetu hawakuwa vipofu. Karibu na wiki ya sita mtoto anaanza kutabasamu akikuona, na kukaza macho usoni kwako bila kuponyoka ponyoka. Hesabu wiki sita: siku 42. Yaani mtoto anatolewa arobaini, wageni wanakuja, ubani unafukizwa, anamtazama mtu na kucheka, na nyumba nzima inasema, "Ameanza kuona!" Ameanza kujibu. Kuona alianza zamani.

Kuna bibi alinibishia mbele ya foleni nzima. Nikampakata mjukuu wake, wa wiki tatu, ameshiba na yuko macho (ukimjaribu ana njaa au usingizi unajidanganya), nikamwinua kidogo, uso wangu umbali wa shubiri moja na zaidi. Nikangoja. Kungoja ndiko kunakowashinda watu. Mtoto huyu anahitaji sekunde kadhaa kukupata. Macho yakatulia kwangu. Nikasogeza kichwa taratibu kulia, naye akaja, si kwa mtelezo bali kwa kushtuka shtuka, anakimbiza, anapoteza, anapata tena.

"Anafuata sauti yako," bibi akasema.

"Bibi, nimefunga mdomo."

Akanyamaza, akatengeneza mtandio, kisha akasema basi labda huyu ni wa ajabu. Sikuendelea.

Mngeniuliza kwa nini nakasirika kwa jambo dogo hivi, maana hata asipoaminiwa kuwa anaona, si ataona tu? Hapana. Wako wanaozaliwa na mtoto wa jicho. Wanaozaliwa nao katika jicho moja, upasuaji unafanya kazi vizuri zaidi ukifanyika karibu na wiki ya sita. Wa macho yote mawili, karibu na wiki ya nane. Angalia tarehe hizo tena. Familia inayongoja arobaini ndipo ianze kujiuliza kama mtoto anaona, imeshakula muda wote aliokuwa nao. Ubongo unajifunza kuona katika miezi hiyo, na usipoletewa picha safi haungoji. Mwaka 2001 Richard Le Grand na wenzake walichapisha habari za watu waliozaliwa na mtoto wa jicho macho yote, wakaondolewa wakiwa na miezi 2 hadi 6. Walishaona kwa miaka tisa na zaidi, wanasoma, wanatembea, lakini walikuwa bado wanashindwa kutofautisha nyuso zinazopishana kwa nafasi tu kati ya macho na mdomo. Na hao ni waliowahi. Hapa kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto waliofanyiwa upasuaji huo Tanzania ulionyesha wengi walifikishwa hospitali muda mrefu baada ya mzazi mwenyewe kugundua tatizo.

Kwa hiyo sina vita na arobaini. Mama apumzike, akandwe, anywe uji wa pilipili manga, wageni wasimbebebebe mtoto. Hayo yote nayaunga mkono. Nachokataa ni chumba kilichofungwa madirisha mchana na mtoto aliyefunikwa kanga usoni kwa sababu "haoni". Fungua dirisha. Mtazame. Katikati ya mboni kukiwa na weupe, au picha ya simu yenye flashi ikitoa jicho moja jekundu na jingine jeupe, usingoje kliniki ya mwezi ujao, njoo siku hiyo hiyo. Ukifika Bombo, hospitali yetu ya mkoa hapa Tanga, wataangalia, na ikibidi upasuaji utapewa rufaa, mara nyingi hospitali ya KCMC Moshi au CCBRT Dar es Salaam. Akifika miezi mitatu hakazi macho kwenye uso wako wala hafuati kitu, njoo pia. Aliyezaliwa kabla ya wakati mhesabie kuanzia tarehe aliyopaswa kuzaliwa.

Makengeza kwa kifupi: ya kuja na kwenda miezi mitatu minne ya mwanzo hayanitishi. Yanayokaa muda wote, au yanayoendelea baada ya hapo, yananitisha. "Yataondoka akikua" ni kauli iliyowapotezea watu uoni wa jicho zima, kwa sababu ubongo hulichagua jicho lililonyooka na kulitupa lile jingine.

Wanja? Kuhusu kijicho na husuda siingii, hizo ni imani za watu na tochi yangu haizipimi. Paka kwenye unyayo ukitaka. Ndani ya jicho la mtoto usitie wanja, baadhi ya wanja una madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Maziwa ya mama nayo ni ya kunywa, si ya kudondoshea machoni.

Halafu kuna mama anayekuja amenuna: "Mwanangu hanipendi. Nikimchekesha anageuza uso." Miezi mitatu, minne. Anapumzika, mama. Macho kwa macho ni kazi nzito kwake, na njia pekee aliyonayo ya kusema "ngoja kwanza" ni kutazama pembeni. Tunachofanya sisi ni kumfuata huko huko alikogeuzia, kumshika kidevu, kumpigia makofi, mpaka analia. Mwache sekunde chache, atarudi mwenyewe. Wamama wa Kigusii kule Kenya, waliochunguzwa na Robert LeVine na wenzake miaka ya 1970, walikuwa wakiona mtoto amesisimka sana wanatazama kando ili atulie, na hakuna aliyesema watoto wao hawapendwi.

Kinachomuumiza ni kinyume chake. Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio mwaka 1978: mama anacheza na mwanawe, kisha anaambiwa amtazame kwa uso mkavu, asicheke, asiseme. Mtoto anatabasamu, anamwita kwa macho, anajaribu tena, na mwisho anajigeuza na kuinama. Sasa niambie uso wa mtu anayesoma simu huku ananyonyesha unafanana na upi. Simu yako iweke chini ya mto mtoto akiwa titini. Hili nalisema kwa kila mtu, wengine wameanza kunikwepa korido. Tena mtoto anajifunza pa kutazama kutoka kwako: Scaife na Bruner mwaka 1975 waliona kuwa miezi miwili hadi minne ni watoto wachache tu wanaofuata kichwa cha mtu mzima kinapogeuka, lakini wa miezi 11 hadi 14 walikifuata wote. Unapotazama wewe ndipo atakapotazama.

"Hanitazami machoni, ana usonji." Hii ya usonji, hali ya ukuaji inayoathiri mtoto anavyowasiliana na watu, imeingia na mitandao. Warren Jones na Ami Klin mwaka 2013 walionyesha kuwa watoto waliokuja kugundulika na usonji baadaye walitazama macho kama wenzao walipokuwa na miezi miwili, halafu ikapungua pole pole kuelekea wa sita. Kwa hiyo dalili si kutokutazama leo mchana, ni kupungua, na haisimami peke yake. Kwanza tunapima macho na masikio. Akifika mwaka haitiki jina, haonyeshi kitu kwa kidole wala hafuati kidole chako, hapo tuzungumze. Na tafadhali msiwatishe kina mama wasioona: Atsushi Senju na wenzake waliwafuatilia watoto wa wazazi vipofu, wakachapisha mwaka 2015, na watoto hao waliwasiliana vizuri kama wengine, ila tu hawakujali sana kama wenzao macho ya mtu yanaelekea wapi.

Wakubwa nao wana zao. "Asiyekutazama machoni ni mwongo." Uchunguzi wa Charles Bond na wenzake uliotoka mwaka 2006, uliogusa nchi 58, ulikuta hii ndiyo dalili ya uongo inayotajwa kuliko zote duniani. Bella DePaulo na wenzake walikuwa wameshakusanya tafiti zaidi ya mia moja mwaka 2003, na kutazama au kutotazama hakukuwasaidia kumjua mwongo. Mtu akiulizwa swali gumu hutazama pembeni ili afikiri. Na mtoto wetu afanye nini? Mwalimu anamfokea "nitazame ninaposema nawe," akirudi nyumbani babu anamfokea "unanikodolea macho mimi!" Akiinamisha macho mbele ya mkubwa hiyo ni adabu aliyofunzwa, msimchape kwa kuitumia.

La mwisho ni la wale wanaohisi kutazamwa kisogoni. Edward Titchener alilijibu mwaka 1898: wewe unatikisika na kugeuka, mtikisiko wako unavuta macho ya aliye nyuma, mnakutana uso kwa uso, na wewe unaapa kwamba alianza yeye. Watafiti wa Sydney wakaongeza mwaka 2013 kwamba tukiwa hatuna uhakika mtu anatazama wapi, kama gizani au amevaa miwani ya jua, tunadhani anatutazama sisi. Anayebisha akae kijiweni, rafiki yake asimame nyuma akirusha sarafu: ikitoka kichwa amtazame, upande mwingine asimtazame, naye aliyekaa abahatishe kila mara kama anatazamwa, warudie mpaka wachoke. Atapatia karibu nusu.