"Bila mashine ya Kampala ini halipimwi," na mengine ninayosikia kliniki

"Daktari, niko najipanga kwanza." Maneno haya nayasikia kutoka kwa wagonjwa wa homa ya ini B hapa Arua mpaka nimeyachoka. Anajipangia nini? Nauli ya basi hadi Kampala, pesa ya FibroScan (mashine inayopima ugumu wa ini kutoka nje ya mwili) na mahali pa kulala, ili ajue kama ini lake limeingia kovu. Wapo waliojipanga hadi mwaka ukakatika. Na muda wote huo daftari lake la matibabu lina namba za AST (kimeng'enya kinachoingia kwenye damu seli za ini zikiumia) na pleteleti (chembe za kugandisha damu), zimeandikwa kwa kalamu ya buluu, wala hakuna aliyezipigia hesabu.

Siwalaumu wagonjwa peke yao. Wahudumu wenzangu ndio wanaowaambia kwamba bila ile mashine hakuna anayeweza kujua. Si kweli.

Hesabu yenyewe inaitwa APRI. Chukua AST, igawanye kwa kikomo cha juu cha kawaida (maabara nyingi 40), zidisha mara 100, kisha gawanya kwa pleteleti. Mwenye AST 48 na pleteleti 150: 48 kwa 40 ni 1.2, mara 100 ni 120, gawanya kwa 150, unapata 0.8. Hata simu ya kitochi inaiweza. Mwongozo wa WHO wa 2024 unasema mtu mzima mwenye homa ya ini B akizidi 0.5 ahesabiwe kuwa ana kovu la maana na aanze dawa, hata kama ALT (kimeng'enya kingine cha ini) iko chini na virusi ni vichache. Akizidi 1 tunafikiria sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. FibroScan kwa kazi hiyohiyo ina mipaka ya kilopaskali 7 na 12.5. Basi huyu wa 0.8 anasubiri basi la nini, na tenofovia, dawa ya homa ya ini B, ipo hapahapa?

Wengine hawaamini kwamba CBC, kipimo cha kuhesabu chembe za damu ambamo pleteleti zimo, inaweza kusema habari za ini. Ini likiwa gumu damu hupita kwa shida, inarudi nyuma hadi kwenye bandama, bandama inavimba na kuzishikilia pleteleti. Kwa hiyo pleteleti zinazoteremka mwaka hadi mwaka kwa mtu wa homa ya ini ni habari mbaya, hata kama AST haijasogea sana. Ndiyo maana nawagombeza wanaonunua daftari jipya kila wanapougua. Lete lile la zamani, hata kama limeliwa na panya, maana namba ya mwaka juzi ina thamani kuliko maelezo yako yote.

Kuna jambo jingine. Mwongozo wa WHO wa 2015 uliweka mpaka wa sirosisi kwenye 2. Kama uliwahi kuambiwa "APRI yako ni 1.3, nenda nyumbani", rudi upigiwe hesabu upya.

APRI nayo hudanganya, na kwetu hudanganya kwa njia tunazozijua. Ukipimwa ukiwa na malaria, pleteleti zimeanguka na jibu linapanda bure. Upone kwanza, urudie baada ya wiki chache. Waragi na kwete hupandisha AST. Na kwa watu wa Pakwach, Buliisa na kandokando ya Ziwa Albert kuna kichocho cha tumbo, ambacho huvimbisha bandama na kushusha pleteleti bila homa ya ini kuhusika. Kovu la kichocho hukaa kando ya mishipa ya damu, na nyama ya ini mara nyingi hubaki laini. Mgonjwa wa namna hii ndiye ninayempa karatasi ya kwenda FibroScan, kwa sababu kwake mashine inajibu swali ambalo damu imeshindwa. Nauli yake haipotei.

Yaliyobaki nayajibu harakaharaka.

"ALT yangu ni ya kawaida, ini halina shida." ALT inaonyesha seli zinazoumia sasa, haionyeshi makovu ya miaka iliyopita. Halafu hiyo "kawaida" ya karatasi ya maabara ni pana mno: WHO inatumia 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake.

"Ultrasaundi ilikuwa safi." Ultrasaundi ya kawaida huona sirosisi iliyokwisha komaa, na uvimbe. Kovu la kiwango cha kati huipita.

"Sina maumivu." Nyama ya ini haina mishipa ya fahamu ya maumivu. Ukisubiri uumwe upande huo, mara nyingi tumechelewa.

"Lazima nichomwe sindano ya kukata kipande cha ini." Kwa walio wengi, hapana. Kipande kile ni kama sehemu moja ya 50,000 ya ini, na kinaweza kutoka mahali pasipo na kovu.

"FibroScan inachoma ini," au kinyume chake, "inalitibu." Hakuna mionzi wala tiba. Inapiga mtikisiko mdogo kati ya mbavu na kupima unavyokimbia. Ini gumu huupitisha haraka. Usile kwa saa 3 kabla ya kupimwa, kwa sababu chakula huongeza damu kwenye ini na namba inapanda. Mzee mmoja alipimwa akitoka kula kalo na samaki, akarudi na karatasi ya kutisha. Alirudiwa akiwa na njaa, hofu ikaisha.

"Kovu la ini haliondoki." Katika utafiti uliochapishwa 2013, wagonjwa 96 walianza tenofovia wakiwa na sirosisi; baada ya miaka 5, 71 kati yao hawakuwa nayo tena. Walikuwa wanameza dawa kila siku. Na hata namba ikishuka, mwenye sirosisi anaendelea na ultrasaundi na AFP (kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya ini) kila miezi 6, kwa kuwa hatari ya saratani ya ini hupungua lakini haiishi.