Dada, ukiona damu usiache dawa

Ilikuwa Novemba, minada ya korosho imepamba moto, dada mmoja akanipigia simu kutoka Tandahimba. "Shikamoo daktari. Mwenzio nimeshaingia mwezini. Zile dawa nimeziacha tangu jana." Siku 9 kabla ya hapo alikuwa amepandikizwa kiinitete, yaani yai lililorutubishwa nje ya mwili, Dar es Salaam, kwa fedha ambazo yeye na mumewe walizikusanya misimu kadhaa ya korosho. Nilipomuuliza ameona nini hasa, akasema matone ya kahawia kwenye nguo ya ndani, asubuhi, mara moja. Kupima mkojo hakupima. Siku tatu baadaye damu yenyewe ikaja kwa wingi. Kama mimba ilikuwa imeshika au haikushika, hakuna kipimo kitakachotuambia tena. Ndiyo maana naandika leo.

Sisi wa kusini tumeelezwa habari za damu tangu unyagoni: ikitoka, mwezi umeisha, subiri mwingine. Kwa mwili unaojiendesha wenyewe, fundisho hilo linatosha. Kwa mwili unaoendeshwa na dawa, halitoshi.

Chukua nyumba ya fito na udongo. Homoni ya estrojeni ndiyo inayokandika: inaongeza unene wa ukuta wa ndani ya mji wa mimba. Homoni ya projesteroni ndiyo inayoufanya ule udongo ushike, usimomonyoke. Katika mwezi wa kawaida, yai likishatoka, ovari hutengeneza projesteroni kwa takriban siku 14. Mimba isiposhika, projesteroni inashuka, ukuta unaanguka, na hiyo ndiyo hedhi. Sasa, huyu dada alipandikizwa kiinitete kilichogandishwa, na ukuta wake uliandaliwa kwa vidonge vya estrojeni. Mwezi ule ovari zake hazikutoa yai, kwa hiyo hazikuwa na projesteroni yoyote ya kumpa. Yote ilitoka kwenye vile vidonge vya kuweka ukeni asubuhi na jioni. Kuviacha ni kuondoa kinachoshikilia ukuta, mtoto awemo asiwemo.

Matone yale yalitoka wapi basi? Huenda kiinitete kilikuwa kinajichimbia ukutani. Huenda kipande kidogo cha ukuta kiliachia. Huenda ilikuwa mlango wa kizazi tu, maana homoni huujaza damu, na kidole kinachosukuma kidonge kila siku kinaweza kuukwaruza. Kwa kutazama nguo huwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Mimi mwenyewe siwezi. Kinachojua ni kipimo cha mimba, siku uliyopangiwa, na mpaka siku hiyo dawa inaendelea.

Hata kipimo kina mtego wake. Ukichomwa sindano ya hCG ya kulikomaza yai, homoni hiyo ndiyo ileile inayotafutwa na kipimo cha mkojo. Ukipima kabla ya siku 10 hadi 14 kupita, mistari miwili unayoiona inaweza kuwa ya sindano. Nimeshuhudia familia ikishangilia mistari hiyo, kisha ikaomboleza. Subirini tarehe.

Iko damu nyingine, ambayo sisi madaktari tunaitafuta kwa makusudi. Dada ambaye hajaona siku zake miezi mitatu, nikishapima na kuhakikisha hana mimba, naweza kumpa norethisteroni, kidonge kinachofanya kazi kama projesteroni, au dawa ya jamii yake kwa siku chache. Akizimaliza, damu huja ndani ya siku 2 hadi 7. Wengi hufurahi na kusema wamepona. Hapana, dada. Hiyo ni damu ya kuondolewa dawa. Inaonyesha ukuta upo na njia iko wazi, lakini haionyeshi kwamba yai limetoka. Na ukienda mwenyewe duka la dawa kununua vidonge vya "kurudisha siku" bila kupima mimba kwanza, unajiweka pabaya.

Sasa maudhi, maana mengine watu wanaona haya kuyasema. Vidonge vya projesteroni vya ukeni vina mafuta ya kuvibeba, na mafuta hayo hutoka yakiwa meupe, mazito. Siyo fangasi. Usijisafishe kwa ndani kwa sabuni wala kwa ndimu, vaa pedi nyembamba tu. Joto letu la Novemba na Desemba, kabla mvua hazijakolea, huviyeyusha hata ndani ya boksi, kwa hiyo soma nyuzi zilizoandikwa na uviweke mahali penye ubaridi. Usingizi, matiti kuuma, tumbo kujaa na choo kigumu navyo vinatokana na projesteroni. Ni dalili zilezile za mimba changa, ndiyo maana nawaomba dada zangu wasizitumie kupiga ramli.

Letrozoli, kidonge tunachotoa ili yai likomae na kutoka, huwatisha watu kwa karatasi yake, iliyoandikwa saratani ya matiti. Ni kweli ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Lakini kwa wenye ovari zenye vifuko vingi visivyopevuka ndiyo tunayoanza nayo: utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 750, ulikuta asilimia 27.5 ya waliopewa letrozoli walijifungua, dhidi ya asilimia 19.1 waliopewa klomifeni, kidonge kingine cha kazi hiyohiyo. Inachosha kidogo na kuumiza kichwa. Klomifeni huleta fukuto la mwili kwa takriban mmoja kati ya kumi, na mapacha katika mimba kama 7 kwa kila 100. Macho yakianza kuona ukungu au vimulimuli, hiyo klomifeni iache siku hiyohiyo na unitafute. (Na vyote hivyo siviandiki kabla mume hajapima mbegu.)

Kuna mambo ambayo hayangoji simu. Damu inayolowanisha pedi nzima kila saa. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo chini, kizunguzungu, au bega kuuma bila sababu: inaweza kuwa mimba nje ya kizazi, na aliyepandikizwa naye anaweza kuipata. Tumbo kuvimba haraka baada ya sindano za kukuza mayai, mkojo kupungua, pumzi kuwa fupi. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa baada ya kukaa kwenye basi kutoka Dar kutwa nzima. Hapo usitafute daktari wako, tafuta hospitali iliyo karibu: Ligula ukiwa Mtwara mjini, Ndanda ukiwa Masasi, Nyangao au Sokoine ukiwa Lindi. Nenda na maboksi ya dawa mkononi, ili anayekupokea ajue umetumia nini na lini.

Yule dada alirudi kliniki mwezi Machi. Alikuwa na kiinitete kimoja kilichobaki. Nilichukua kalamu nikaandika juu ya boksi lake la projesteroni, kwa herufi kubwa: USIACHE HATA UKIONA DAMU, PIGA SIMU. Chini yake nikaandika namba yangu na tarehe ya kupima. Tangu siku hiyo hakuna boksi linalotoka chumbani kwangu bila maneno hayo.