Bega linauma: uzungushe mkono kabla ya kuandika dawa

Mvuvi wa dagaa na mbeba mizigo wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wanaweza kuja na maumivu ya bega yanayofanana kabisa, kumbe mmoja amechanika kano na mwingine bega limeganda, yaani kiungo kimekakamaa. Tiba zao ni mbali mbali. Linalowatenganisha ni jambo ninaloona likirukwa mno: kulinganisha mwendo anaoufanya mgonjwa mwenyewe na ule unaomfanyia wewe.

Avue shati, mabega yote mawili yaonekane. Simama nyuma yake. Misuli ya juu ya bapa la bega ikiwa imebonyea upande mmoja, fikiria kano iliyochanika zamani au neva iliyoumia. Kisha anyanyue mikono kwa pembeni. Maumivu yakianza karibu nyuzi 60 na kupungua zikipita 120, shuku kano za chini ya ncha ya bapa. Yakija mwishoni kabisa, bonyeza kwa kidole pale mtulinga unapokutana na bapa.

Sasa kipimo ninachokitegemea kuliko vyote. Kunja kiwiko nyuzi 90, kigusane na ubavu, ukibane kwa mkono wako mmoja; kwa mwingine zungusha kigasha chake kuelekea nje, taratibu. Usipokibana, kiwiko kitaachia ubavu au mgonjwa atageuza kiwiliwili, nawe utadhani bega limezunguka. Linganisha na upande mzima. Mkono ukikwama hata unapouzungusha wewe, huenda bega limeganda. Mpime sukari, maana kisukari huandamana nalo sana. Ila piga eksrei kwanza, ya mbele na ya kwapani. Bega lililoteguka kwenda nyuma, hasa baada ya degedege au shoti ya umeme, hukwama vivyo hivyo, na picha ya mbele pekee huweza kulificha.

Ukiuzungusha wewe mkono unakwenda, lakini ukimwachia aushikilie pale pale unarudi wenyewe, kano imechanika. Angalia asiwe ameachia kwa maumivu tu. Maumivu peke yake humlegeza mtu mwenye kano nzima.

Ganzi ikishuka hadi vidoleni, pima shingo. Na maumivu ya bega ambalo halimuumi unapolisogeza kote yana chanzo kwingine: maumivu ya bega la kushoto yanayomjia mtu akipanda kilima cha Bugando na kutulia akipumzika yanahitaji kipimo cha umeme wa moyo siku hiyo hiyo.