Uduvi hawasamehi dawa ya mbu

Nina matangi saba ya samaki, na lililo kubwa kuliko yote linabeba lita 40. Mengine ni ya lita 20 hadi 25. Vioo nilikatiwa na fundi, nikaviunganisha mwenyewe kwa silikoni. Wageni wengi huuliza kwa nini nisiweke moja kubwa sebuleni nikapumzika. Wakiona uduvi wekundu wakipekuapekua kwenye majani ya maji, swali linalofuata ni kama hawa nao huungwa na nazi.

Tangi kubwa ni rahisi zaidi kulitunza, sibishi. Chakula kikizidi kidogo kwenye lita 200, maji hayashtuki. Kwenye lita 20, kesho asubuhi unakuta yamechafuka. Lakini wakazi wangu hawawezi kukaa nyumba moja. Mtoto wa uduvi aliyeanguliwa jana ana urefu wa milimita moja au mbili, na kwa samaki yeyote hicho ni kitafunwa. Samaki wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaolala ndani ya makombe ya konokono wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, yenye pH (kipimo cha uasidi) ya 8 kwenda juu, na mchanga wa kufukua. Halafu kuna Nothobranchius guentheri wa Unguja, samaki wa madimbwi ya msimu: dimbwi likikauka wazazi wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua. Mayai yao nayatunza kwenye makumbi ya nazi yenye unyevunyevu, ndani ya mfuko, miezi kama mitatu hivi.

Kuanzisha tangi hakuna siri. Kinyesi na mabaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo sumu. Wengine huifanya nitrati, isiyo na ukali huo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzoea makazi mapya. Mwenye matangi mengi ana njia ya mkato: hutoa sponji iliyokomaa ya chujio kwenye tangi la zamani na kuipachika kwenye jipya. Usiioshe bombani, maana klorini itawaua bakteria haohao unaowahamisha. Isuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi.

Yote hayo nilikuwa nayajua kwa miaka. Lililoniumiza sikuwa nimelifikiria kabisa.

Mama mdogo alikuja kutusalimia, akalala chumba chenye matangi matatu, mawili ya uduvi na moja la samaki wadogo waitwao gapi. Nilirudi jioni nikakuta uduvi wanaogelea ovyo, wanajigonga kwenye kioo, wanapinduka chali na kurusha miguu. Nilidhani wanajivua gamba (si kwa ile maana ya kisiasa, uduvi hulivua kweli, kila anapokua). Lakini anayejivua gamba hujificha, hachezi ngoma. Ndipo pua ikanasa harufu.

“Mama mdogo, umepulizia dawa humu?”

“Kidogo tu mwanangu, mbu walizidi.”

Alifunga madirisha kama chupa ya dawa inavyoelekeza. Pampu ya hewa ilikuwa juu ya kabati mle mle, ikivuta ile hewa yenye dawa na kuipulizia moja kwa moja ndani ya maji, saa nzima. Dawa nyingi za mbu ni za ukoo wa pareto, na uduvi ni ndugu wa mdudu kuliko wa samaki: kinachomwangusha mbu kinamwangusha naye, kwa kiasi kidogo mno. Nilibadilisha nusu ya maji, nikarudia. Gapi, waliokuwa wakihema juu ya maji, walipona. Uduvi hawakufika asubuhi, hata mmoja.

Walionusurika ni kumi na mmoja niliowahamishia barazani mwezi uliotangulia, tena kwa sababu tu nilikosa nafasi chumbani. Tangu hapo kila aina ninayoipenda inakaa sehemu mbili, kwenye vyumba viwili, na pampu mbili tofauti. Pampu ya chumbani nayo nimeitoa nje ya dirisha, mpira wa hewa ndio unaoingia ndani. Umeme ukikatika, huwa nateka maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yashike hewa. Joto la Dar la Februari halina huruma, kwa kuwa maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni pungufu kuliko ya nyuzi 20.

Jike la uduvi hubeba mayai tumboni wiki tatu hadi nne, akiyapepea kwa miguu bila kuchoka. Mama mdogo akija siku hizi hutundika chandarua, kisha huchutama mbele ya tangi la barazani kuwahesabu wenye mimba. Jumapili alipata sita.