"Kiboko si anakula majani tu?"

Karibu kila kundi ninalolitoa Dodoma kwenda kupiga kasia na kuvua Ziwa Basotu, upande wa Mlima Hanang, lina mtu wa kuniambia: "Kaka, kiboko si anakula majani tu? Atatufanya nini?" Nimechoka kulisikia, na hili ndilo litakalokuja kuua mtu.

Majani anakula, ni kweli. Lakini hashambulii kwa njaa. Anashambulia kwa sababu umeingia kwake. Usiku hutoka kwenda malishoni, mchana hushinda majini, na maji ya kina ndiyo kimbilio lake. Ukipitisha mtumbwi kati yake na kina, tena akiwa jike mwenye ndama, umemzibia njia. Isitoshe, haji akiwa kichwa juu umwone. Hutembea chini kwenye tope na huweza kukaa kama dakika 5 bila kuibuka, kwa hiyo anayeniambia "mbona hayupo" hajanituliza hata kidogo.

Kwanza kaeni ufukweni mhesabu vichwa vya viboko: tundu mbili za pua, masikio yanayopukutisha maji. Hesabuni tena. Alfajiri msiguse maji hata kama samaki wanauma, maana baadhi ya viboko bado wanarudi kutoka malishoni na njia yao inapita hapohapo kwenye matete. Mkishaingia, fuateni maji mafupi ya ukingoni, kina mwachieni yeye. Gongeni ubavu wa mtumbwi kwa kasia kila baada ya muda, asikie mnakuja. Mara nyingi huibuka, nanyi mkajua alipo. Akiachama kinywa wazi, msidhani ana usingizi: anawaonyesha meno. Geuzeni. Na wavuvi wa pale wakisema leo hapana, ni hapana, hata kama gari mmeshalipia.

"Najua kuogelea, jaketi okozi la nini?" Mtumbwi ukipinduka ukagongwa kichwa, ujuzi wako wote umekwisha. Asiyevaa simpandishi.

Wengine hudai maji ya milimani hayana kichocho. Kichocho hufuata konokono wa maji baridi, na hao hukaa ukingoni kwenye majani, palepale mnapopenda kuning'iniza miguu. Minyoo yake hupenya kwenye ngozi, si lazima uyanywe maji. Ukiona damu kwenye mkojo, hata miezi baadaye, nenda kapime na umwambie daktari uliingia ziwani.

Na wanaosema wakikosa samaki Basotu watahamia Balangida: lile ni ziwa la chumvi. Ndoano acheni nyumbani.