Mkono wa bahari uliofukiwa: ramani ya Unguja ya 1892 na fasihi ya pande mbili

Kwa miaka mingi nimefundisha kwamba fasihi ya mji wa Unguja ina sura mbili, iliyoandikwa na iliyoimbwa, lakini sikupata kuona kwa macho jinsi zilivyotengana mpaka nilipoketi mbele ya ramani ya mji iliyochorwa mwaka 1892 na Imam Sharif Khan, mpimaji kutoka India.

Kinachovuta jicho kwanza ni maji. Mahali ambapo leo magari hupita mbele ya soko la Darajani, ramani inaonyesha mkono wa bahari ulioingia kutoka Funguni ukaugawa mji, na jina Darajani ni kumbukumbu ya daraja la kuuvukia. Upande wa nyumba za mawe ndiko kalamu ilikokaa. Mkunazini limo kanisa alimozikwa Askofu Edward Steere, aliyezikusanya hadithi za Waunguja na kuzichapisha mwaka 1870. Na Shangani ndiko alikoishi Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyeandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu.

Ng'ambo ya maji vimetapakaa vibanda vya udongo na makuti. Upande huo ndio uliompokea Siti binti Saad alipohama Fumba mwaka 1911, mwanamke aliyezoea kuuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Alialikwa kuimba katika majumba ya mawe, lakini mambo aliyoyaimba yalikuwa ya jirani zake: wimbo wa “Kijiti” unasimulia mauaji ya mwanamke na kesi ambayo mashahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Huo ni utenzi wa mahakama na mtaa, wala sikubali uitwe muziki tu. Sisi wanafasihi tumezoea kuhesabu vitabu, na kwa kuhesabu vitabu tumejikuta tukihesabu nyumba za mawe, tukauacha nje ya hesabu upande mzima wa mji uliokuwa ukitunga, ukiimba na kukariri.

Mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo, na juu yake ikapita barabara. Ninapowatembeza wanafunzi huwasimamisha hapo, nakala ya ramani mkononi, niwaonyeshe maji yalipofika yakijaa, kisha tunavuka kuelekea Ng'ambo.