Je, wajua kwa nini ombi la ofisini linalofika kwa sekunde moja kupitia programu hujibiwa baada ya wiki?

Kwa kifupi, ombi halikuwa likichelewa njiani. Lilikuwa likichelewa mezani, na programu ikishalifikisha mezani imemaliza kazi yake. Ukitaka kujua zaidi, itabidi tupite kwenye mizani ya korosho na kwa Mdenmaki mmoja wa kampuni ya simu. Kabla ya hapo naomba nikiri kosa langu, maana nililibeba miaka kadhaa na bado nakutana na watu waliolibeba.

Ofisi moja ya Mtwara mjini, ambayo sitaitaja, iliniita kusaidia kutengeneza programu ya kupitisha maombi ya masurufu. Afisa anakwenda Nanyumbu au Newala siku mbili. Anaandika dokezo, anaambatisha barua ya mwaliko, kisha dokezo linapita meza tano: masjala, mkuu wa kitengo, uhasibu, mkuu wa ofisi, halafu uhasibu tena kwa ajili ya malipo. Kwa wastani lilichukua siku tisa za kazi. Kila niliyemuuliza sababu alinijibu neno moja: karatasi. Jalada linazunguka, jalada linapotea, jalada liko chini ya majalada mengine. Nilikubali kabla chai haijapoa.

Wa kunisahihisha alikuwepo palepale, sikumsikia tu. Nje ya masjala kulikuwa na benchi, na juu ya benchi mzee tarishi aliyekuwa akitembeza majalada hayo. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba mfumo mpya utaipumzisha miguu yake.

“Marahaba, mwanangu,” akasema. “Lakini mimi silali na jalada la mtu. Nikilichukua asubuhi, adhuhuri lina mwenyewe. Waulize wanaolala nalo.”

Nilicheka kwa adabu, nikidhani mzee anatetea ajira yake.

Programu ikakamilika. Ilifanya kazi vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonichanganya baadaye. Unabonyeza “tuma”, sekunde hiyohiyo simu ya mkuu wa kitengo inalia. Hakuna kupotea, hakuna kukunjika kona. Baada ya miezi miwili nikapiga hesabu: ombi lilikuwa linachukua karibu siku nane. Miezi miwili mbele zaidi, kumi. Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta kosa kwenye programu, na nilikaribia kuwalaumu watumiaji, kama wanavyofanya wengi wetu tulio kwenye kazi hii.

Ndipo nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Niliomba jalada moja la zamani, nikalisoma mihuri. Jalada la karatasi lina uungwana huo: kila meza imegonga “IMEPOKELEWA” na tarehe, na aliyeandika maoni ameweka saini na tarehe chini yake. Ombi lile lilikuwa la kurasa mbili. Masjala: limeingia na kutoka siku hiyohiyo. Mkuu wa kitengo: limekaa siku mbili, akaandika “Naunga mkono”. Maneno mawili. Uhasibu: siku tatu, kisha mstari mmoja kuhusu kifungu cha bajeti. Mkuu wa ofisi: siku mbili, “Sawa”, saini. Nikaenda kuwauliza wahusika wenyewe kazi hiyo inachukua dakika ngapi ukiwa umeshalishika. Tulipojumlisha zote hazikufika arobaini. Siku tisa za saa nane ni dakika 4,320. Yaani chini ya asilimia moja ya muda wote ndiyo iliyokuwa kazi. Miguu ya mzee, kwa kuwa alikuwa akizunguka mara mbili kwa siku, ilichangia siku moja na kitu. Siku hiyo moja na kitu ndiyo niliyoiokoa kwa miezi yangu yote ya kazi. Zilizobaki jalada lilikuwa limelala.

Kuna sababu ya kutoliona hili, nayo iko kwenye michoro yetu. Anayesanifu programu ya aina hii huanza kwa kuchora visanduku na mishale. Kisanduku ni kazi: “Mkuu aidhinishe”. Mshale ni kupita kwenda meza inayofuata. Macho yote huwa kwenye visanduku, na mshale huchorwa kama kitu kisichokula muda. Kumbe siku saba zimelala kwenye mshale. Wenzetu wa viwandani walishaliona. Frank na Lillian Gilbreth waliwasilisha michoro yao ya hatua za kazi mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani mwaka 1921, na kufikia 1947 chama hicho cha wahandisi kilikuwa na kiwango rasmi chenye alama tano tu, moja kati yake, herufi D, ikiwa ya kungoja. Kungoja kulipewa alama yake sawasawa na kufanya kazi. Sisi wa programu tunachora mshale na kusonga mbele.

Sasa, kwa nini jalada lilale? Jibu la haraka la mitaani ni uvivu. Nilikaa na mhasibu siku mbili. Hakuwa mvivu. Alikuwa na kazi karibu muda wote, na hapo ndipo penye ugonjwa.

Hesabu za jambo hili zilianza kwenye simu. Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa andiko lake la kwanza mwaka 1909 akichunguza jinsi simu zinavyopigwa bila mpangilio. Kampuni ilitaka kujua iwe na laini ngapi ili wateja wasikwame. Hesabu hizohizo zinafaa kwa mhasibu, lakini mimi zimeniingia vizuri zaidi kwenye mizani.

Chukua chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huko Tandahimba, msimu wa korosho umechanganya. Mizani ni moja, karani mmoja. Mkulima mmoja anakuja na gunia moja kwenye baiskeli, mwingine na magunia kumi na mawili kwenye bajaji ya mizigo. Kwa wastani kila mmoja anachukua dakika kumi: kupima, kukagua unyevu, kuandika. Kwa saa kumi mizani inaweza kuhudumia wakulima 60. Wakija 30, nusu ya uwezo, utadhani hakuna atakayengoja. Atangoja, kwa wastani dakika kumi, kwa sababu hawaji kwa zamu. Watatu hufika pamoja, kisha nusu saa hakuna mtu.

Hiyo nusu saa ishike vizuri, kila kitu kinatoka humo. Karani amekaa, mizani iko wazi, upepo unapita. Baadaye kidogo wanafika watano kwa mpigo. Je, karani anaweza kuichukua ile nusu saa ya mapumziko akawapimia? Hawezi. Dakika ambayo mizani ilikaa bure haiwekwi akiba, imekwenda. Lakini foleni inawekwa: mkulima ambaye hajapimwa saa nne bado yupo saa tano, na waliofika saa tano wanajipanga nyuma yake. Upande mmoja unapoteza, upande mwingine unalimbikiza. Ndiyo maana mizani yenye uwezo wa kutosha kwa hesabu ya siku nzima bado huwa na foleni.

Na foleni hiyo haikui polepole. Wakija wakulima 48, yaani asilimia 80 ya uwezo, kungoja kunafika dakika 40. Wakija 54, asilimia 90, ni dakika 90. Ongeza watatu tu, wawe 57: dakika 190. Soma tena hapo. Wakulima watatu zaidi, na kila mmoja kwenye foleni anangoja zaidi ya saa moja na nusu ya nyongeza. Hakuna aliyezembea. Karani ni yuleyule, kasi ni ileile. Kanuni yenyewe ni rahisi kuliko unavyodhani: gawanya sehemu inayotumika kwa sehemu iliyobaki wazi, kisha zidisha kwa muda wa kumhudumia mtu mmoja. Tisini kwa kumi ni tisa. Tisa mara dakika kumi ni tisini. Kila nafasi inapokaribia kwisha, kigawanyo kinakaribia sifuri, na jibu linapaa.

Tahadhari hapa. Kanuni hiyo inadhani wateja wanakuja bila mpangilio, muda wa kuhudumia unatofautiana sana, mhudumu ni mmoja, na hali hiyo inaendelea muda mrefu. Mizani ya kijijini hufungwa jioni, kwa hiyo zile dakika 190 haziwezi kukomaa kwa siku moja. Kama wakulima wangekuja kila baada ya dakika kumi na moja, kila mmoja na gunia moja lilelile, asingengoja mtu hata mizani ikitumika karibu muda wote. Na binadamu si mizani: mhasibu akiona rundo huongeza kasi, au hukosea zaidi, au huchagua yaliyo rahisi kwanza. Kwa hiyo namba usizishike kama tarehe ya malipo. Umbo la mpando ndilo la kuamini: mwanzo tambarare, mwisho ukuta.

Turudi mezani kwa mhasibu. Masurufu yalikuwa sehemu ndogo ya kazi zake. Ukiweka vocha za wazabuni, taarifa za mwezi na simu za makao makuu, alikuwa ameshiba kwa asilimia tisini na kitu. Alikuwa anaishi chini ya ule ukuta. Kisha nikaja mimi na programu yangu.

Jambo linalonifurahisha, kama mtu anaweza kufurahia aibu yake, ni kwamba urahisi wenyewe ulirefusha foleni. Zamani kuomba masurufu kulikuwa na gharama ndogo ya aibu: uandike, uchape, upeleke mwenyewe masjala, karani akutazame juu ya miwani. Mtu mwenye safari isiyo na msingi mzuri aliishia njiani. Sasa anaomba akiwa kwenye kivuko cha Msangamkuu, kwa kidole gumba. Maombi yakaongezeka. Hayakuongezeka sana, lakini umeshaona wakulima watatu wanafanya nini. Hiyo ni ofisi moja niliyoitazama, siwezi kusema kila ofisi ni hivyo. Tena kulikuwa na maombi yanayorudishwa kwa kukosa kiambatisho, na ombi linalorudi linapanga foleni upya kama mgeni. Kwa mhasibu, ombi lililorudishwa mara moja ni maombi mawili.

Hapa kuna kanuni nyingine, ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, na inafanya kazi hata pale dhana za Erlang zinapoyumba: idadi ya vitu vilivyomo ndani ni sawa na vinavyoingia kwa siku, mara siku ambazo kila kimoja kinakaa. Ukiigeuza, huhitaji kumfuatilia mtu na saa. Nilihesabu maombi yaliyokuwa ndani ya mfumo, kwenye meza zote: 52. Yaliyokuwa yakitoka kwa siku, ambayo kwa muda mrefu hulingana na yanayoingia: matano na kidogo. Basi siku kumi. Ndiyo kumi ileile niliyoihesabu mara tatu nikitafuta hitilafu.

Tulichobadilisha mara ya pili hakikuwa na ufundi wa kujivunia. Fomu ilikataa kutumwa bila kiambatisho. Safari za siku moja ndani ya wilaya ziliishia kwa mkuu wa kitengo, hazikupanda juu. Kaimu akapewa uwezo wa kuidhinisha maombi bosi akiwa safarini, maana meza isiyo na mtu ni mizani iliyofungwa na wakulima wanaendelea kuja. Mhasibu akapunguziwa taarifa moja ya mwezi ambayo ilikuja kugundulika haisomwi na mtu. Hilo la mwisho lilisaidia kuliko yote, na halikuhitaji mstari hata mmoja wa programu.

Halikuisha lote. Bado wapo wanaochapisha ombi na kwenda nalo mkononi hadi mlangoni kwa mkuu, anasaini, wao wanaondoka. Pale ofisini wanaita kangomba, kwa jina la wale wanunuzi wanaozunguka na bakuli kununua korosho nje ya mfumo rasmi wa mauzo kwa mkulima asiyeweza kungoja malipo. Jina limekaa mahali pake. Kila anayepita kangomba anawasukuma nyuma wengine wote, na kadiri foleni inavyokuwa ndefu ndivyo kangomba inavyonoga.

Kwenye skrini ya kwanza tuliondoa namba kubwa ya “Maombi yaliyotumwa”, ambayo mimi ndiye niliyeiweka na kuipaka kijani. Mahali pake pana orodha ya meza, na mbele ya kila meza idadi ya maombi na siku ambazo la zamani zaidi limekaa hapo. Safu hiyo niliiita “Yaliyolala”, kwa heshima ya mzee wa benchi. Mkuu wa ofisi aliitazama siku ya kwanza, akaona jina lake liko juu, akaomba neno libadilishwe liwe “Yanayosubiri”. Tulibadilisha. Kwenye korido wanasema “kwako yamelala mangapi?”